Kutafakari, Kuzingatia au Kuabudu? Istilahi za Kibudha Darasani

Katika toleo hili tunapenda kugusia suala lililozuka darasani kwetu wakati wa zoezi la tafsiri. Wanafunzi walipewa aya fupi inayoeleza jinsi Wabudha wanavyofanya mazoezi yao ya kiroho. Karibu wote walitumia kitenzi "kutafakari", na sisi walimu tukakipitisha. Mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyeuliza: "Mwalimu, kama wanatakiwa waache mawazo yapite, mbona sisi tunawaambia wafikiri?" Tukarudi kwenye kamusi.

Ubudha hauko mbali nasi kama wengi wanavyodhani. Dar es Salaam kuna hekalu lenye asili yake katika jamii ya watu wa Sri Lanka waliofika huko mwanzoni mwa karne ya 20. Hapa Uganda, kituo cha Wabudha kilianzishwa karibu na Entebbe mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekwenda kusoma India mwaka 1990, akakutana na dini hiyo huko, na kuwekwa utawa California mwaka 2002. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi watu walivyolidhania bakuli lake la sadaka kuwa ngoma, na hata silaha. Mtu asipokijua kitu hukipa jina la kile anachokijua. Tafsiri nayo huweza kufanya kosa hilo hilo.

"Kutafakari" kumetoka katika Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupatia "fikiri" na "fikra". Mkristo anapotafakari Neno, au Mwislamu anapotafakari uumbaji, akili yake hulichambua jambo fulani. Lakini zoezi la msingi katika Theravada, ambayo ndiyo madhehebu ya kituo hicho, ni tofauti. Mtu huketi wima, hufumba macho, na huangalia pumzi inavyoingia na kutoka puani. Wazo likija, halifukuzwi wala halifuatwi. Hutambuliwa tu, kisha mtu huirudia pumzi yake. Kwa hiyo tunaona kwamba "kuzingatia pumzi" kunaeleza zoezi hili vizuri zaidi.

Pali, lugha ya maandiko ya Theravada, ina neno pana zaidi: "bhavana", yaani kukuza au kustawisha. Tunapendekeza "kustawisha moyo". Neno "metta" nalo hutafsiriwa "upendo" tu, ilhali anayefanya zoezi hilo huanza kwa kujitakia heri mwenyewe, kisha wapenzi wake, hatimaye hata adui zake. "Kutakia heri" ni maneno ambayo kila Mswahili anayo tayari.

Neno linaloleta ugomvi zaidi ni "kuabudu". Wabudha wa Theravada huinama mbele ya sanamu ya Buddha kwa kumheshimu kama mwalimu. Hawamchukulii kuwa Mungu muumba. Ukiandika "wanaabudu sanamu", umeshawahukumu kabla msomaji hajamaliza sentensi. "Wanatoa heshima" kunatosha.

Baada ya kipindi, yule mwanafunzi alitueleza sababu ya swali lake. Kaka yake huenda kuketi na Wabudha mwishoni mwa juma. Nyumbani walipoambiwa kwamba anaabudu huko, mama yao alilia, na kwa majuma kadhaa hawakusemezana. Siku moja kaka alimkalisha mama yake kibarazani na kumwonyesha jinsi ya kuzingatia pumzi. Mama hakubadili dini yake, wala hakuombwa aibadili. Alisema tu: "Kumbe ni hivi?"

Ndugu walimu, hatudai kwamba "kutafakari" kufutwe, kwa kuwa kumeshaenea. Tunachoomba ni kwamba mwanafunzi akikutumia, aulizwe: hapa mtu anafanya nini hasa? Mkiwa na mapendekezo mengine, tuleteeni tuyajadili.