Muongo wa Sinema Zetu: Tangu Santuri za Vugiri Hadi Supa Modo

Mwaka 2024, habari kwamba filamu ya Nawi imeteuliwa kuiwakilisha Kenya katika tuzo za Oscar iliwafurahisha wapenzi wengi wa sinema, nami nikiwa mmoja wao. Leo nataja filamu za Kenya nilizozipenda kuliko zote katika muongo wa 2010 hadi 2019. Ila uzito wa filamu hizo hauonekani mpaka tujue tulikotoka, na tulikotoka ni kwenye mashamba ya mkonge.

Mwaka 1926 Meja L. A. Notcutt, Mwingereza aliyesimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, aliwaza kwamba sinema ingesaidia kuwatuliza vibarua wasihame shamba. Sisi wa Thika na Ruiru, ambao babu zetu walikata mkonge na kuchuma kahawa ya walowezi, tulitafakari wazo hilo. Halikuanza na swali la mfanyakazi angependa kuona nini. Lilianza na faida ya mwenye shamba.

Wazo hilo lilizaa mradi mkubwa. Kati ya 1935 na 1937, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, Notcutt na wenzake walipiga kambi Vugiri, katika milima ya Usambara, wakatengeneza filamu fupi 35. Ziliwafundisha watu kuweka akiba posta, kujikinga na safura na kulima kwa njia mpya. Waigizaji walikuwa Waafrika. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine, kisha lori likazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Jioni skrini ilitandazwa, mashine ikawashwa, santuri ikazungushwa sambamba na picha. Watazamaji waliwaona watu wa rangi yao na kusikia lugha yao, lakini maneno yalikuwa yamepangwa na mtu mwingine, kwa shabaha ya mtu mwingine.

Vita vilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni chini ya William Sellers. Huyu alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata sinema ya kasi, kwa hiyo apewe picha za polepole na hadithi nyepesi. Dharau hiyo ilivaa joho la elimu, na ilidumu miaka mingi. Ninaitaja kwa sababu hadi leo namsikia Mkenya msomi akisema filamu ya Kenya haiwezi kuwa na kina, naye hajui kwamba anarudia hoja ya Sellers.

Baada ya uhuru picha ziliendelea kutoka ng'ambo, na sisi tukajifunza kuzitilia sauti. Dar es Salaam alikuwapo msimulizi Lufufu, Kampala wakaibuka akina VJ Jingo, na hapa kwetu kila kibanda cha video kinamjua DJ Afro, anayesimulia filamu za mapigano kwa lugha ya mtaani mpaka shujaa wa Hong Kong anaonekana kama jirani yako. Nawaheshimu sana wasimulizi hawa. Waliinyakua ile santuri wakasema ya kwao. Hata hivyo, nusu ya kazi ilibaki: sauti ilikuwa yetu, picha bado ni ya wengine.

Hapo ndipo ulipo uzuri wa muongo wa 2010 hadi 2019. Filamu yangu ya kwanza ni Nairobi Half Life (2012) ya David Tosh Gitonga, ambayo ndiyo ya kwanza kupelekwa Oscar kwa jina la Kenya. Mwangalieni Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, mwanzoni mwa hadithi. Yuko kijijini, anauza DVD, na ili mteja anunue anaruka huku na huko akiigiza mapigano ya mashujaa wa Hollywood. Ana kipawa, lakini hana hadithi yake. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaporwa siku hiyohiyo ya kwanza, anatupwa korokoroni, anaingia kwenye genge. Mwishowe anasimama jukwaani na maneno yenye uzito wa maisha aliyoyaona mwenyewe. Safari ya Mwas ndiyo safari ya sinema yetu.

Ya pili ni Something Necessary (2013) ya Judy Kibinge, kuhusu Anne, mama anayejaribu kulijenga upya shamba lake baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, na kijana aliyeshiriki katika uovu ule. Kila mwanasiasa angelazimishwa kuitazama kabla ya kushika kipaza sauti. Ya tatu ni Watu Wote (2017), filamu fupi ya Katja Benrath iliyofika fainali za Oscar. Inatokana na shambulio la basi Mandera mwezi Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, na akafa mwezi uliofuata. Mtoto wa shule asiyelijua jina hilo amenyimwa somo la uraia.

Ya nne, nayo ndiyo kipenzi changu, ni Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina. Jo ni msichana mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi, anayependa sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Kijiji kizima kinakula njama ya upendo kumfanya aamini kwamba naye anazo, kisha kinatengeneza filamu ambayo shujaa wake ni Jo. Wanakijiji wanashika kamera wenyewe. Kutoka lori la Notcutt hadi hapo ni zaidi ya miaka themanini.

Lakini tuambiane ukweli. Nairobi Half Life, Something Necessary na Supa Modo zilitokana na warsha za One Fine Day Films, kampuni ya Wajerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann. Watu Wote ilitoka chuo cha Hamburg, na Nawi pia ni kazi ya Wakenya na Wajerumani. Tunawashukuru kwa dhati. Ila anayelipia filamu ana neno katika filamu, na taifa linalongoja mgeni alipie hadithi zake litasimuliwa na mgeni.

Sensa ya 2019 iliipa Ruiru watu 490,120, zaidi ya Eldoret na Kisumu, na Thika 251,407. Halaiki hii ingetosha kulipia filamu nyingi. Kaunti ya Kiambu itenge ukumbi mmoja wa umma katika kila mji, wenye skrini na spika za kufaa, uonyeshe filamu ya Kenya kila wikendi kwa kiingilio ambacho kibarua anakimudu. Nawe msomaji, filamu ya Kenya inapofika karibu nawe, usingoje nakala ya wizi kwenye flashi. Nunua tiketi, na uende na watoto.