Kabla ya Dawa, Tazama Maji

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba tuyaache kidogo mambo yetu ya pamba, mifugo na bei ya mahindi, twende baharini. Hata hivyo safari yenyewe inaanzia hapa hapa Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya ya Meatu, mahali ambapo wengi wetu tunazeeka bila kuionja chumvi ya bahari ila ile ya kwenye pakiti.

Siku ya gulio mzee mmoja, mfugaji ninayemheshimu, alinivuta pembeni akanionyesha simu yake. Mlikuwa na picha aliyotumiwa na mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Kijana huyo ameajiriwa katika nyumba moja, na mojawapo ya kazi zake ni kutunza tangi kubwa la kioo lenye maji ya bahari, samaki wa rangi na matumbawe. Wenye nyumba walikuwa wamesafiri kwa wiki tatu. Katika picha ile, kitu kilichofanana na uyoga mkubwa kilikuwa kimenywea na kuinama kama jani la boga saa nane za mchana. Chini yake kijana ameandika: "Baba, vitu vya bosi vinakufa. Dukani wamenipa chupa ya dawa. Niimwage?"

Mzee akaniambia, "Mimi sijui hicho ni jiwe au ni mboga. Ila ng'ombe wangu akinywea, jambo la kwanza nauliza amekunywa maji gani. Wewe unayesema redioni, mwambie huyo mtoto afanye nini, kibarua chake kisiote nyasi."

Nilimjibu kijana siku ile ile. Lakini naona majibu yenyewe yanawafaa wengi, maana siku hizi matangi ya namna hii yapo katika hoteli, ofisi na nyumba za watu mijini, na mara nyingi anayeachiwa kuyatunza ni mtu ambaye hakuelezwa lolote.

Kwanza tumjibu mzee. Tumbawe si jiwe wala si mboga. Ni mnyama, au tuseme ni ukoo mzima wa vinyama vidogo vinavyoishi vimeshikamana. Yako matumbawe magumu yanayojijengea nyumba ya chokaa, hayo ndiyo yaliyojenga miamba ya pwani yetu. Na yako matumbawe laini, yasiyo na mifupa ya jiwe, ambayo kila kinyama chake kina mikono 8. Lile lenye umbo la uyoga wataalamu huliita Sarcophyton. Ndani ya mwili wa matumbawe mengi wanaishi wapangaji: vijimwani vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenye nyumba. Kwa hiyo tumbawe la namna hii linahitaji maji safi kama samaki, na mwanga kama mmea. Likikosa kimoja, linaumwa.

Sasa ile chupa. Nilimwuliza kijana imeandikwa nini, akasema ni dawa ya vidonda vya samaki, yenye shaba. Naam, hapo ndipo pangeharibika kila kitu. Dawa ya shaba huua vijidudu vinavyowasumbua samaki, na tumbawe nalo, konokono nao na kamba nao huuawa na shaba hiyo hiyo. Nikamwambia aiweke kabatini. Sheria ya kwanza ya tangi la matumbawe ni hii: usitie dawa ndani ya tangi kabla hujajua ugonjwa, na hata ukiujua, samaki mgonjwa hutolewa akatibiwa katika chombo kingine.

Sheria ya pili ni kutofautisha ugonjwa na usingizi. Sarcophyton lina desturi ya kujifunga kwa siku kadhaa, pengine wiki nzima, likafunikwa na utando unaong'aa kama nta. Huko ni kujisafisha, mfano wa nyoka anavyojivua gamba. Utando ukishatoka, linafunguka tena. Linalotakiwa ni mkondo wa maji wa kutosha kuuondoa utando huo. Tumbawe lililojifunga lakini bado gumu likiguswa, halinuki, na jirani zake wako salama, liache. Lakini likiwa linalegea, linageuka kahawia iliyooza, linamomonyoka na kunuka, au matumbawe mengi yamenywea siku moja, hapo kuna jambo.

Katika tangi la kijana yalikuwa yamenywea yote. Ugonjwa unaoshika kundi zima kwa pamoja chanzo chake ni kisima. Tukaenda kwenye maji.

Nilimwuliza maji yanapopungua anaongeza nini. Akajibu kwa kujiamini kwamba anachanganya ile chumvi maalumu ya tangi kwa kipimo sahihi, kisha anaongeza, kila siku lita 4. Akadhani anafanya vizuri. Msikilizaji, mtu wa Meatu analijua jibu hili bila kwenda shule. Kiangazi kikikausha lambo, maji huenda zake juu na chumvi hubaki pembeni, nyeupe kama unga. Tazama Ziwa Eyasi hapo mpakani kwetu, jinsi linavyoacha magadi. Jua halichukui chumvi. Basi hata katika tangi, kinachopotea kwa joto la Dar es Salaam ni maji matupu, na kinachotakiwa kurudishwa ni maji matupu.

Tupige hesabu. Maji ya bahari ya kawaida yana chumvi kama gramu 35 katika kila lita. Tangi la lita 200 kama lile lina chumvi kilo 7. Kila lita 4 za maji ya chumvi alizoongeza zilileta gramu 140 za ziada. Baada ya siku 10 ni kilo moja na gramu 400, na maji yamefika gramu 42 kwa lita, makali kuliko ya Bahari ya Shamu. Hakuna aliyeyapa sumu matumbawe yale. Yalikaushwa na chumvi yakiwa ndani ya maji.

Kurekebisha nako kunataka subira. Ukimwaga maji baridi kwa wingi siku moja, mnyama aliyekwisha kuzoea ukali ule anapata mshtuko mwingine mbaya zaidi. Nilimwambia atoe lita 5 za maji ya tangi kila siku na kurudisha lita 5 za maji yasiyo na chumvi, juu ya yale ya kufidia yaliyokauka. Hivyo ukali unashuka kama gramu moja kwa siku, na katika muda wa wiki moja hivi unarudi mahali pake. Apime kila siku kwa kipimo cha chumvi, wala asikisie kwa ulimi.

Maji hayo yasiwe ya bomba moja kwa moja, kwa sababu ya klorini. Wala yasiwe ya kisima chochote kile. Sisi wa Meatu tunajua kwamba maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakawa na floraidi ya kuharibu meno ya watoto. Macho hayapimi maji. Yaliyochujwa kwa mtambo maalumu ndiyo bora.

Kama chumvi ingekuwa sawa, tungeendelea kupekua kwa utaratibu huu. Joto: kati ya nyuzi 24 na 27 za Sentigredi ni salama, na likizidi 30 kwa siku nyingi, tumbawe huwafukuza wapangaji wake na kubaki jeupe. Kisha amonia, ambayo haitakiwi kabisa. Ikionekana, tafuta samaki au konokono aliyekufa nyuma ya jiwe, au chakula kilichorundikana, kitoe na ubadilishe sehemu ya maji. Hali kadhalika nitrati na fosfati zikizidi huleta mwani mchafu, ila matumbawe laini hayapendi maji yasiyo na kitu kabisa, maana nayo hula.

Halafu mwanga. Taa mpya yenye nguvu hulifanya tumbawe lipauke na kujikunyata. Mwanga hafifu hulifanya lirefuke shingo likitafuta taa. Mkondo wa pampu nao ulichezeshe tumbawe, usilipige kama bomba lililopasuka. Umeme ukikatika, jambo la haraka ni hewa, na pampu ndogo ya betri inaokoa tangi zima.

Mwisho tazama majirani. Matumbawe laini yanapigana vita vya kimya kimya kwa kuachia sumu majini. Yaweke mbalimbali, na utumie mkaa maalumu wa kuchujia, unaobadilishwa kila baada ya wiki chache. Usiku washa tochi, utafute konokono wasio na kombe wanaotafuna. Sehemu iliyooza hukatwa kwa wembe safi mpaka kwenye nyama nzima, na mara nyingi kinachobaki huota upya. Lakini tahadhari: vaa glavu na miwani, kwa sababu baadhi ya viumbe wa matangi haya, hasa wale wanaofanana na vifungo vya shati, wana sumu kali inayoweza kumdhuru binadamu. Usichemshe kamwe mawe yaliyotoka katika tangi.

Na katika yote hayo, badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukigusa taa, maji na chakula siku moja, hutajua kilichoponya wala kilichoua.

Ndugu msikilizaji, utasema haya ni mambo ya wenye nafasi. La hasha. Yanayoua tumbawe katika kioo ndiyo hayo hayo yanayoliua baharini. Mwaka 1998, baada ya joto la El Niño, matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipauka na kufa kwa wingi, na Mafia ni mojawapo ya mahali palipoumia sana. Mwezi Aprili mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba kupauka kwa matumbawe kumeienea dunia kwa mara ya nne. Juu ya joto hilo sisi wenyewe tumeongeza baruti za wavuvi, uchafu wa miji na uchomaji wa chokaa. Miamba hiyo ndiyo malezi ya samaki na ngome ya fukwe. Baharini hakuna kijana wa kubadilisha lita 5 kila asubuhi.

Ndiyo maana anayetaka tangi asiende kung'oa matumbawe miambani. Bongoyo na Mbudya ni hifadhi tangu mwaka 1975, Hifadhi ya Bahari ya Mafia imekuwapo tangu 1995, na pale Chumbe, Unguja, mwamba umehifadhiwa kisheria tangu 1994. Tumbawe la nyumbani linafaa litokane na kipande kilichokuzwa katika tangi lingine. Na mwenye tangi, kabla hujafunga safari, mwandikie anayebaki mambo matatu: nini cha kuongeza, nini cha kupima, na nani wa kumpigia simu. Kumwachia mtu mali usiyomfundisha kuitunza, kisha kumfukuza ikiharibika, si haki.

Mzee alinipigia wiki mbili baadaye. Ule uyoga umefunguka, na vidole vyake vinacheza majini. Aina nyingine ndogo, ile inayofumba na kufumbua kama kiganja, haikupona. Nilikuwa nimemshauri kijana amweleze mwajiri wake ukweli kwa simu kabla hajarudi, pamoja na hesabu ya chumvi, naye alifanya hivyo. Bado yuko kazini.

"Kwa hiyo yalikuwa maji," mzee akasema.

Yalikuwa maji, mzee wangu. Tukutane wiki ijayo.