Moyo wa kujitolea pekee haumlindi mtoto uwanjani

NI saa kumi jioni katika ufukwe wa Rumonge, kusini mwa Burundi. Wavuvi wanashona nyavu, kina mama wanaanua ndagala, na kando yao watoto zaidi ya 30 wanafukuzana na mpira mmoja.

Anayewasimamia ni mimi. Silipwi, sina leseni ya ukocha, na kwa miaka mingi nilidhani filimbi na sauti kubwa vinatosha.

Nilizaliwa Ulyankulu, Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972, nikasoma huko Tanzania hadi nikawa mwalimu. Niliporudi mwaka 2009 nilikuta wazazi wakigombea mashamba ya michikichi, huku watoto wa waliorudi na wa waliobaki wakicheza timu moja. Hapo ndipo nilipoanza kujitolea.

Siku moja wavulana wawili waligongana vichwa wakiwania mpira wa kona. Mmoja alianguka, akabaki kimya kwa sekunde kadhaa. Nilimmwagia maji, nikamwinua na kumuuliza kama anaweza kuendelea. Aliitikia kwa kichwa, nikamrudisha uwanjani. Watazamaji walinipigia makofi.

Usiku ule alitapika, akalazwa hospitalini. Namshukuru Mungu alitoka salama, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha hesabu. Kwa wiki kadhaa nilimwona akishika kichwa mbele ya ubao, akikosea hesabu alizozijua.

Mama yake hakunilaumu. Alisema tu: "Mwalimu, huyu si yule mtoto niliyekuletea."

Baadaye nilihudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza, nikaelewa kosa langu. Mtoto aliyegongwa kichwa akazimia hata kidogo, akaduwaa, akaona kizunguzungu au akatapika, hutolewa na harudi uwanjani siku hiyo, hata akisema ni mzima. Hupelekwa kwa mganga.

Wakubwa wa soka nao wamelikubali hilo. Mwaka 2024 bodi ya kanuni za soka duniani, IFAB, iliingiza katika kanuni nafasi ya kumbadilisha mchezaji anayedhaniwa kupata mtikisiko wa ubongo, bila kuhesabiwa katika mabadiliko ya kawaida.

Ziwa nalo lina yake

Huku kwetu hatari nyingine ni Tanganyika yenyewe. Ziwa lilipofurika mwaka 2024 maji yalimeza sehemu za ufukwe, na mpira uliopigwa vibaya huangukia ziwani. Watoto huukimbilia bila kufikiri.

Siku hizi sheria yetu ni moja: mpira ukiingia majini, anaufuata mtu mzima. Kando ya uwanja tunaweka dumu tupu lililofungwa kamba. Anayezidiwa na maji hurushiwa dumu. Asiyejua kuokoa hamrukii, maana wanaweza kuzama wote wawili.

Akitolewa hapumui, hapinduliwi kichwa chini wala hakamuliwi tumbo. Hupuliziwa pumzi kwanza, kisha kifua hukandamizwa mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kuacha mpaka msaada ufike au apumue.

Ngurumo ikisikika, mchezo husimama hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mwembe si mahali pa kujificha.

Juni 12, 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani Copenhagen, moyo wake ukasimama. Alikandamizwa kifua, akashtuliwa moyo kwa mashine, na mwaka 2022 akarudi kucheza. Ufukweni kwetu hatuna mashine hiyo, lakini mikono tunayo. Kinachokosekana ni mafunzo.

Cheti cha namna gani?

Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lina leseni za makocha kuanzia ngazi ya D. Lakini mvuvi anayetoa saa mbili za jioni yake si rahisi azifuate. Wengi wetu ni wavuvi, wakamuaji wa mawese na waendesha baiskeli. Mafunzo ya Kifaransa yatawaacha nje.

Sisi tuliosoma uhamishoni tunajua maana ya kushika karatasi isiyotambuliwa. Sitaki cheti cha usalama kiwe ukuta mwingine.

Yatosha siku mbili za mafunzo, bure, kwa Kirundi na Kiswahili, na mtihani wa vitendo: mlaze mgonjwa, kandamiza kifua, rusha dumu. Kocha ajifunze pia kutompiga mtoto wala kubaki naye faraghani peke yao. Cheti kirudiwe kila baada ya miaka miwili, maana mikono nayo husahau.

Msalaba Mwekundu wa Burundi una uzoefu wa kufundisha huduma ya kwanza. Shirikisho la soka, komuni na shule wanaweza kuwakusanya makocha. Wakae meza moja.

Wapo watakaosema kumdai cheti mtu anayejitolea ni kumfukuza. Wasiwasi huo una uzito, na ndiyo maana nasema kiwe bure na kifupi. Lakini mzazi anayeniachia mwanawe saa kumi hanidai mabao. Ananidai nimrudishe saa kumi na mbili akiwa yule yule aliyeniletea.