Jenerali China, Sehemu ya Pili: Barua Zilizoandikwa Chini ya Kitanzi

Katika sehemu ya kwanza tulimfuata Waruhiu Itote kutoka Mukurwe-ini, alikozaliwa mwaka 1922, hadi Burma alikopigana akiwa koplo wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki), kisha kwenye tanuri la garimoshi alikochochea moto baada ya vita. Tulimwacha mwishoni mwa 1953 akiwa na jina jipya, Jenerali China, na maelfu ya wapiganaji wa Mau Mau chini yake katika msitu wa Mlima Kenya, huku Dedan Kimathi na Stanley Mathenge wakiushika upande wa Nyandarua. Leo tunaingia katika anguko lake.

Utawala uliomwangusha ulikuwa udikteta, na nasema hivyo nikijua uzito wake. Gavana Evelyn Baring alipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, hakukuwa na Mwafrika hata mmoja aliyeingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura, na hakukuwa na yeyote hadi 1957. Mtu aliweza kuwekwa kizuizini miaka bila kesi. Kijiji kiliweza kunyang'anywa ng'ombe kwa kosa la kijana mmoja. Msitu wenyewe ulitangazwa eneo la marufuku, na aliyeonekana ndani yake alipigwa risasi bila kuulizwa jina. Kupatikana na silaha au risasi kulitosha kumfikisha mtu kitanzini, na mahakama maalumu zilizoundwa mwaka 1953 zilifanya kazi hiyo kwa kasi ya kutisha. Hadi vita vinakwisha, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa kwa sheria hizo. Haya yote yaliandikwa vizuri, yakapigwa muhuri, yakatangazwa katika gazeti la serikali. Ndiyo maana wengi hadi leo husita kuyaita kwa jina lake.

China alikuwa amejenga jeshi lake kwa kile alichojifunza katika KAR: vyeo, doria, adhabu kwa aliyevunja amri, hesabu ya kila bunduki. Bunduki nyingi zilichongwa kwa mikono, kwa vipande vya bomba la maji na makomeo ya milango, na mara nyingine zilimlipukia mpigaji mwenyewe. Katika KAR ya wakati ule hakuna Mwafrika aliyepewa kamisheni ya uafisa, hata awe hodari namna gani. Mlimani, koplo yule aliongoza vikosi ambavyo Uingereza ililazimika kuvipelekea mabatalioni na ndege za mabomu. Huo ndio upande wa historia yake unaonigusa zaidi, kwa sababu unaonyesha ni vipawa vingapi vilikuwa vimefungiwa katika cheo cha koplo.

Tarehe 15 Januari 1954 alijeruhiwa katika mapambano na wanajeshi wa serikali, na risasi ikampita kooni. Akakamatwa, akaletwa Nyeri. Aliyekabidhiwa kumhoji alikuwa Ian Henderson, afisa wa polisi aliyekulia katika mashamba ya walowezi karibu na Nyeri na kukizungumza Kikuyu kama mwenyeji. (Henderson huyu baadaye alikwenda Bahrain na kuongoza usalama wa taifa huko kwa miongo mitatu; ujuzi alioupata chini ya mlima wetu ulisafiri mbali.) Mahojiano yalichukua jumla ya saa 68. Mtu mwenye jeraha kooni, anayejua kwamba kitanzi kinamsubiri, alikaa mbele ya mtu aliyeijua lugha yake, milima yake na hata methali zake, akasimulia.

Alisimulia mengi: jinsi vikosi vilivyopangwa, jinsi vyakula na risasi vilivyotoka vijijini na Nairobi, nani alikuwa mkubwa wa nani. Kwa ajili ya saa hizo wapo waliomwita msaliti hadi anaingia kaburini. Mimi sikubaliani nao, ingawa siwezi kuwadharau, maana baadhi yao walifiwa na ndugu katika misako iliyofuata. Mateka aliyejeruhiwa hana mizani ya mtu huru. Na neno alilorudia mbele ya Henderson lilikuwa la kisiasa: kwamba watu walipigania ardhi na uhuru, na kwamba vita hivi vingekoma kwa mazungumzo. Serikali ilikuwa ikiutangazia ulimwengu kwamba msituni kuna wendawazimu waliolishwa kiapo. Ripoti ya mahojiano ya polisi wake yenyewe ilimwonyesha kamanda mwenye hoja.

Kesi ilisikizwa Nyeri mwanzoni mwa Februari. Mashtaka yalikuwa kuandamana na watu wenye silaha na kupatikana na risasi. Hukumu ilikuwa kifo, na kwa sheria zile isingeweza kuwa nyingine. Hapo ndipo Henderson na wakubwa wake walipoona kwamba mfungwa huyu ana faida kubwa akiwa hai. Wakampa sharti: aandike barua kwa makamanda wenzake, awaite watoke wazungumze. Akaandika. Tarehe 4 Machi 1954 Baring alimwondolea kitanzi na kumpa kifungo cha maisha. Walowezi walikasirika vibaya. Kwao, serikali kukaa meza moja na Mau Mau ilikuwa fedheha isiyosameheka.

Barua zilibebwa hadi msituni, na majibu yakarudi. Tarehe 30 Machi wajumbe wa wapiganaji walikutana Nyeri na wawakilishi wa serikali. Jenerali Tanganyika, mmoja wa makamanda wa mlimani, alikuwa miongoni mwa waliobeba mzigo wa mazungumzo hayo. Hebu msomaji apime uzito wa siku ile. Miezi kumi na saba baada ya Hali ya Hatari kutangazwa, watu waliokuwa wakiwindwa kama nyati waliingia mjini chini ya ahadi ya usalama, wakaketi, wakasikilizwa, wakarudi msituni salama kuwashauri wenzao. Walipewa hadi tarehe 10 Aprili kutoa jibu.

Tarehe 7 Aprili, siku tatu kabla ya muda kwisha, wanajeshi waliwashambulia wapiganaji waliokusanyika Gathuini, karibu na Karatina. Zaidi ya 20 waliuawa na wengine wakatekwa. Serikali ilidai kwamba kundi lile halikuwa na nia ya kujisalimisha. Huenda baadhi yao hawakuwa nayo. Makamanda wa mlimani waligawanyika vikali juu ya barua za China. Lakini walionusurika walikimbilia msituni na habari moja tu, kwamba wameitwa kwa maneno ya amani wakapokelewa kwa bunduki. Mazungumzo yakafa hapo. Na tarehe 24 Aprili jeshi liliuzingira mji wa Nairobi katika msako mkubwa ambao zaidi ya watu 20,000 walitiwa kizuizini. Msako wa ukubwa huo haupangwi kwa wiki mbili. Wakati wajumbe wanaketi Nyeri, matayarisho yake yalikuwa tayari mezani.

Wananchi wa miteremko ya mlima waliilipa gharama. Kuanzia katikati ya 1954 familia zilihamishwa kwa nguvu na kusongwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na seng'enge. Pembezoni mwa msitu wa Mlima Kenya ukachimbwa mtaro wa maili 50 hivi, ukapandwa miti ya mianzi iliyochongwa ncha, ili chakula kisivuke. Walioushika uchimbaji huo walikuwa hasa wanawake, kwa kazi ya kulazimishwa, chini ya macho ya homugadi, walinzi wa kienyeji waliokuwa upande wa serikali.

Sasa tulinganishe. Tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa pembezoni mwa msitu wa Nyandarua. Naye akaletwa mjini Nyeri. Naye akashtakiwa kwa silaha, bastola na risasi zake, chini ya sheria zile zile. Naye akahukumiwa kifo. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Makosa mawili yaliyofanana, katika mji mmoja, na Henderson akiwa nyuma ya msako wa Kimathi kama alivyokuwa nyuma ya barua za China. Tofauti ilikuwa ya wakati. Mwaka 1954 msituni kulikuwa na maelfu, na serikali ilimhitaji mtu ambaye sauti yake ingesikika huko. Mwaka 1956 wamebaki mamia, na hakukuwa na wa kuandikiwa barua. Kilichoamua nani aishi ni mahitaji ya utawala wa siku ile, na anayempima China kwa kumlaumu kwamba hakufa, na Kimathi kwa kumsifu kwamba alikufa, anaupa utawala ule haki ya kutuchagulia mashujaa.

China alisafirishwa hadi gereza la Lokitaung, Turkana, mahali pa jua kali na upweke, alikomkuta Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria. Huko Kenyatta alimfundisha Kiingereza. Alitoka mwaka 1962, na baada ya uhuru akavaa tena sare, safari hii ya afisa, kisha akawa mmoja wa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Chama alichopigania, Mau Mau, kilibaki marufuku katika vitabu vya sheria vya Kenya huru hadi 2003, miaka kumi baada ya kifo chake. Sehemu ya tatu itauliza ni nani katika serikali mpya aliyenufaika na marufuku hiyo, na kwa nini wapiganaji waliotoka msituni na kukusanyika Ruring'u mwaka 1963 walirudi nyumbani bila ardhi.