Injini ya fimbo au ya cheni? Muuza spea ajue kabla ya kuvuka mpaka

Katika maduka ya spea za pikipiki ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala, maboksi mengi hubeba maandishi yanayokaribiana: CG 125, CB 125, CG 150, CB 150. Tofauti ya herufi moja inaonekana ndogo, lakini mfanyabiashara asiyeielewa anaweza kuvuka mpaka na mzigo wa silinda hedi usioingia kwenye pikipiki za wateja wake.

Tofauti yenyewe ni mahali inapokaa kemshafti, kifaa kinachofungua valvu za kuingiza hewa na petroli na za kutoa moshi.

Katika injini ya CG, kemshafti hukaa chini, karibu na krenki, nayo huzungushwa kwa gia. Husukuma fimbo mbili nyembamba zinazopanda kando ya silinda hadi kwenye roka, na roka ndizo hubonyeza valvu. Katika injini ya CB, na vilevile katika Bajaj Boxer na TVS HLX zilizoenea kwenye vijiwe vya bodaboda, kemshafti imepandishwa juu ndani ya hedi. Huko huzungushwa na cheni ya taimingi, na fimbo hazihitajiki.

Faida ya kuipandisha juu ni wepesi. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 50 kwa sekunde moja. Fimbo zina uzito, na lazima zipande, zisimame na kurudi mara zote hizo. Kasi ikizidi, springi hushindwa kuirudisha valvu kwa wakati na nguvu hupotea. Bila fimbo, injini huweza kuzunguka kwa kasi zaidi na kutoa nguvu zaidi kwa ukubwa uleule.

Kama ni hivyo, kwa nini fimbo hazikuachwa? Honda ilianza na fimbo katika Super Cub ya mwaka 1958, kisha katika miaka ya 1960 ikaihamishia kemshafti juu. Lakini mwaka 1976, ikiwa tayari na CB125 ya cheni, ilitoa CG125 iliyorudi kwenye fimbo. Iliwalenga wateja wa nchi zinazoendelea, ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na oili hukaa muda mrefu bila kubadilishwa.

Kemshafti ya juu hutegemea oili ipande hadi kwenye hedi. Oili ikipungua au ikichakaa, huko juu ndiko huumia mapema. Katika injini nyingi za wakati ule kemshafti ilizunguka moja kwa moja kwenye alumini ya hedi, hivyo ikisaga, mwenye pikipiki hununua hedi nzima. Kemshafti ya CG iko chini karibu na oili, na haina cheni ya taimingi ya kulegea.

Viwanda vya China viliichukua CG na kuitengeneza kwa majina mengi, ndiyo maana spea zake zinapatikana kila soko. Hata hivyo, Honda yenyewe ilipotoa CG 150 Titan nchini Brazili mwaka 2004, iliweka kemshafti juu. Kwa hiyo herufi CG kwenye tangi la pikipiki pekee si ushahidi wa kutosha.

Hata namba iliyogongwa kwenye injini za Kichina haimalizi swali. Katika 156FMI, tarakimu 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na I ni ukubwa wa cc 125. Katika 162FMJ kipenyo ni milimita 62 na J ni cc 150. Hakuna herufi inayotaja kemshafti iko wapi, na 162FMJ hutumika kwa CG na CB pia. Kipenyo kinaweza kulingana, lakini hedi, bloku na gasketi haziingiliani.

Kinachosema kweli ni kifaa chenyewe. Bloku ya cheni ina nafasi pana ubavuni ya kupitisha cheni, na kwa kawaida nyuma yake hufungwa kikaza cheni. Bloku ya fimbo ina njia ya fimbo tu, bila kikaza. Kemshafti ya CG ni fupi na imeshikana na gia ya meno; ya CB hufungwa spoketi ya cheni. Hedi ya CB ina makalio ya kemshafti, ya CG ina roka peke yake. Kwa gasketi, inatosha kuinua na kutazama matundu.

Kabla ya kununua jumla, ni vema kuwauliza mafundi wa soko unakopeleka mzigo ni injini zipi wanazofungua kila wiki. Palipojaa CG, watahitaji fimbo, roka na gia ya kemshafti. Palipojaa Boxer na HLX, watahitaji cheni ya taimingi, kikaza na reli zake, na mara nyingi hununuliwa kwa pamoja.

Mpakani kuna jambo jingine. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Spea iliyotengenezwa China au India haibadiliki kuwa ya Jumuiya kwa sababu imenunuliwa Kariakoo au Nairobi. Ushuru wake uingizwe kwenye hesabu kabla ya kupanga bei, kwa sababu hedi isiyoingia kwenye pikipiki ya mteja hulipiwa ushuru sawa na inayoingia.