Tarime, Serengeti: Rangi juu ya kutu ni fedha iliyotupwa

Mwenye lori wa Sirari anayelipaka tela lake rangi mpya kila mwaka hulalamika kwamba rangi za siku hizi ni hafifu. Mara nyingi kosa si la rangi. Kutu iliyoachwa chini yake huendelea kula chuma, rangi huinuka na kubanduka, na mwenye mali hurudi dukani kununua kopo jingine.

Brashi ya waya na msasa huondoa kutu ya juu tu. Ile iliyojificha kwenye vishimo na kwenye maungio ya kuchomelea hubaki. Viwanda vikubwa viliacha kutegemea mkono zamani. Huko chuma hupigwa kwa gololi ndogo za chuma zinazorushwa kwa kasi na gurudumu linalozunguka ndani ya sanduku lililofungwa, au kwa chembe kali zinazosukumwa na hewa ya kompresa kupitia mpira na pua.

Kazi hiyo ina faida tatu. Kwanza, huondoa kutu, rangi ya zamani na lile gamba jeusi linalotoka na chuma kiwandani. Pili, huacha uso wenye mikwaruzo midogo sana ambayo rangi huishika. Tatu, gololi za duara hugandamiza uso wa chuma ili usipasuke upesi kwa kupindwapindwa. Ndiyo sababu viwanda vya springi za magari huutumia utaratibu huo.

Je, soko lipo? Katika wilaya ya Tarime upo mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Leo Barrick ina asilimia 84 na Serikali asilimia 16. Mgodi wa aina hiyo ni matangi, mabomba, ndoo za mitambo na vyuma vya kila namna. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinataka kampuni za wazawa zipewe kipaumbele katika zabuni. Lakini mnunuzi wa namna hiyo haridhiki na neno "safi". Hutaka kiwango kinachopimika, na kinachotajwa sana katika kazi za matangi na mabomba ni Sa 2½ cha ISO 8501-1, yaani chuma kinachokaribia weupe, kilichobakiwa na madoa hafifu tu. Asiyekijua kiwango hicho asitarajie kushinda.

Upande wa Serengeti, Mugumu iko jirani na hifadhi, na magari ya watalii hupita kwenye vumbi na matope mwaka mzima. Chesisi, ringi na vyuma vya kubebea mizigo vinafaa kwa kazi hii. Bodi la bati jembamba halifai: gololi za chuma hulipinda. Fundi asiyejua hilo atalipa bodi la mteja.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Tangi likisafishwa kwa brashi na kupakwa rangi kwa Sh. 300,000, na rangi ikadumu miaka 2, gharama ni Sh. 150,000 kwa mwaka. Likipigwa gololi na kupakwa kwa Sh. 800,000, rangi ikadumu miaka 8, gharama ni Sh. 100,000 kwa mwaka. Mteja anayeuliza bei ya leo peke yake atachagua brashi. Anayepiga hesabu ya miaka atakuja kwako.

Kwa mwekezaji mdogo, kinachomeza mtaji ni kompresa kuliko mashine yenyewe. Pua ya milimita 6 tu huhitaji zaidi ya mita 2 za ujazo za hewa kila dakika, kwa mgandamizo wa takriban bar 7. Kompresa ya kujazia matairi haiwezi. Tena pua huliwa: ikipanuka kutoka milimita 6 hadi 8, hewa inayohitajika huongezeka karibu mara 1.8, na dizeli huongezeka nayo. Pua iliyochakaa itupwe mapema.

Wapo watakaosema mchanga wa mtoni ni wa bure. Sio bure. Ukigonga chuma hupasuka kuwa vumbi laini linalokaa mapafuni na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuponya. Uingereza iliuzuia mchanga katika kazi hii kwa kanuni za mwaka 1949. Gololi za chuma hukusanywa na kutumika tena mara nyingi, mradi kazi ifanyike ndani ya chumba na gololi zisilowe. Hata hivyo fundi avae kofia inayoletewa hewa safi, kwani rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi. Karakana nayo isajiliwe OSHA, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

La mwisho ni hali ya hewa. Asubuhi za Tarime ni za baridi na umande, na chuma kilichosafishwa huanza kutu tena baada ya saa chache. Kipigwe umande ukishakauka na kipakwe rangi ya kwanza siku hiyo hiyo, unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 85.

Ushauri wetu: tafuta kwanza wateja wawili au watatu wa kudumu, wenye malori, matangi au zabuni. Kompresa ifuate baadaye.