Hotuba Mbili Juu ya Maiti Moja: Nafasi ya Julius Caesar katika Kozi ya Uandishi Chuoni

Utangulizi

Kozi ya uandishi chuoni haikusudiwi kuzalisha watunzi wa tamthilia. Lengo lake ni kumwezesha mwanafunzi wa fani yoyote kujenga hoja na kuitetea kwa ushahidi. Kwa nini basi asomeshwe Shakespeare? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuchunguza onyesho moja la Julius Caesar. Hoja kuu ni kwamba tamthilia humfaa mwandishi chipukizi kwa sababu haina msimulizi wa kumwambia nani asadikiwe. Uamuzi huo anaachiwa mwenyewe, na lazima autolee sababu.

Uhusiano wa tamthilia hizi na mafunzo ya uandishi ni wa muda mrefu. Mwaka 1874 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kiliwataka waombaji wa nafasi za masomo waandike insha fupi juu ya kazi za fasihi zilizotangazwa, zikiwamo The Tempest, Julius Caesar na The Merchant of Venice. Kozi ya lazima ya uandishi kwa mwaka wa kwanza ilifuata chuoni hapo mwaka 1885. Mbili kati ya tamthilia hizo si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili, kwani Julius K. Nyerere alitafsiri Julius Caesar (1963) na pia The Merchant of Venice, aliyoiita Mabepari wa Venisi (1969).

Kasoro mbili za insha

Insha za wanaoanza huelemewa na kasoro mbili. Ya kwanza ni kusimulia upya kisa badala ya kukichambua. Ya pili ni kuandika "Shakespeare anasema" pale ambapo msemaji ni mhusika mwenye haja yake. Kasoro hii ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa humfanya mwanafunzi achukue maneno ya ushawishi kuwa maelezo ya ukweli. Tiba yake ni kuuliza, kabla ya kunukuu: nani anasema, anamwambia nani, na anataka apate nini?

Hotuba ya Brutus na ya Antony

Katika onyesho la pili la tendo la tatu, Brutus na Antony wanauhutubia umma wa Roma baada ya Caesar kuuawa. Brutus anatumia nathari. Sentensi zake ni fupi, zenye urari, na zinafuatana kama hatua za hoja ya kimantiki: alimpenda Caesar, lakini aliipenda Roma zaidi, Caesar alitamani makuu, kwa hiyo aliuawa. Kisha anauliza kama yupo anayetaka kuwa mtumwa. Umma unajibu kwamba hakuna, naye analihesabu jibu hilo kuwa ridhaa. Mwanafunzi makini atatambua pengo lililopo: dai kwamba Caesar alitamani makuu halikutolewa ithibati hata moja. Linategemea heshima ya msemaji pekee. Umma nao haukuielewa hoja yenyewe, kwa maana mmoja wao anapendekeza Brutus afanywe Caesar.

Antony anatumia shairi lenye mizani lakini lisilo na vina. Yeye anatoa mifano: fidia za mateka zilizoingia katika hazina ya umma, machozi ya Caesar kwa ajili ya maskini, taji alilolikataa mara tatu. Baada ya mifano hiyo anarudia kuwaita wauaji watu wa heshima, na kila anaporudia, sifa hiyo inazidi kugeuka kejeli. Hapa mwanafunzi anajifunza kwamba maana ya neno haikai katika kamusi tu, bali hutokana pia na mahali linapowekwa na jambo lililotangulia kusemwa.

Kufungua kurasa za nyuma na za mbele

Je, kwa kuwa Antony ametoa ushahidi, hoja yake ni bora? Wengi huishia hapo. Kozi nzuri huwataka waendelee. Antony analionyesha vazi la Caesar na kutaja tundu lipi lilitobolewa na jambia la nani. Lakini onyesho lililotangulia linaonyesha kwamba wakati wa mauaji hakuwapo, maana Trebonius alikuwa amemwondoa mahali hapo. Anausoma pia wosia unaomwachia kila Mrumi drakma 75. Mwanzoni mwa tendo la nne, Antony huyo huyo anaagiza wosia uletwe ili yeye na wenzake waone namna ya kupunguza kilichoahidiwa. Kwa hiyo, ushahidi unaosisimua si lazima uwe ushahidi uliothibitishwa.

Mwanafunzi aliyefika hapa hawezi tena kusimulia kisa tu. Amepata dai linaloweza kupingwa: kwamba Brutus anashindwa kwa kukosa ushahidi, na Antony anashinda kwa ushahidi ambao hakuna aliyeuhakiki. Kila sehemu ya dai hilo inaweza kuungwa mkono kwa kutaja tendo na onyesho. Huo ndio uandishi wa kitaaluma, uwe wa sheria, uchumi au tiba.

Hitimisho

Mara baada ya hotuba hizo, umma wenye hasira unamkamata mshairi Cinna. Anajieleza kwamba yeye siye Cinna mla njama, lakini wanamshambulia kwa sababu ya jina lake, na hata kwa ubaya wa mashairi yake. Umma ulisikia mara moja na haukuwa na kurasa za kufungua. Mwanafunzi anazo. Kozi ya uandishi inapomfundisha kurudi nyuma, kulinganisha na kuhakiki kabla ya kukubali, inamwandaa kwa mtihani wake, na pia kwa siku atakayosimama katikati ya umati akisikiliza msemaji hodari.